Kizimba Namba Mbili Kimefichwa!

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena mbele ya soko zima la Kasulu.

Iko hivi. Soko letu limekarabatiwa, na vizimba tunachagua wenyewe kwenye simu. Anayewahi ndiye anayepata. Mimi nauza dagaa, na nilikuwa nakiota kizimba namba mbili, pale getini. Wateja wakishuka kutoka Nyakitonto, wa kwanza kumwona ni mimi!

Asubuhi mfumo ukafunguliwa. Nabonyeza mshale, orodha inashuka: Kizimba 1. Kizimba 10. Kizimba 11. Kizimba 12...

Mbili iko wapi?

Nikajua tu. (Mimi nikihisi jambo huwa sikosei. We endelea kusoma.) Juzi nilimwona Fabiani, karani wa soko, anacheka na Mama Zubeda wa vitenge. Mtu hacheki vile bure!

Nikarekodi sauti kwenye kundi letu la wafanyabiashara: "Namba mbili imefichwa! Kuna mtu kashaandaliwa!" Nikaenda ofisini, watu nyuma yangu. Mama Zubeda naye yumo, simu mkononi. Ehee, nikasema, kaja kuangalia mzigo wake.

"Mwakeye, mama," Fabiani akanisalimia.

"Mwakeye yako kaa nayo! Namba mbili umempa nani?"

"Ipo, mama. Umeshuka mpaka chini?"

"Nishuke wapi? Baada ya moja inakuja ngapi, Fabiani?"

Watu wakapiga makofi. Nikapanda juu ya benchi (sijui nani alinituma).

Fabiani akaichukua simu yangu, akasukuma kwa kidole, wote wanachungulia. Kumi na nane, kumi na tisa... Kizimba 2. Kimetulia zake.

"Kompyuta inaangalia tarakimu ya kwanza, mama. Zote zinazoanza na moja zinatangulia, ndiyo ije mbili. Tutairekebisha."

Nikashuka kwenye benchi polepole. Nikabonyeza mbili. Simu ikaniandikia: "Kimeshachukuliwa."

Nikageuka. Mama Zubeda anarudisha simu kwenye pochi.

"Asante, dada yangu," akasema, wala hana hata aibu. "Nimeitafuta tangu asubuhi, kumbe iko chini!"

Kwa hasira nikabonyeza kilichofuata pale pale chini ya mbili, angalau niwe jirani yake nimchunge. Nikathibitisha. Ndipo nikasoma vizuri.

Kizimba 20. Nyuma kabisa, kimepakana na choo.

Wateja wangu, mkija fuateni harufu. Ya dagaa lakini, siyo ile nyingine.