Jiwe la Nyongo la Othieno

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Jirani yangu Othieno katoka hospitali na jiwe lake la nyongo ndani ya chupa. Halizidi punje ya hindi! Lakini kilabuni kwa mama Aboth, kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, wazee walimpa kiti cha mbele na mrija mrefu. Kiti changu! Mimi Rasto, ninayelisha kijiji kizima cha Mukuju samaki wa ziwani Majanji, nikaketi na vijana. Tumbo langu nalo hujaa kila siku. Kwa nini nisiwe na jiwe?

Jumatano, 3 Agosti
Nimemchimba Othieno dalili zote. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia, baada ya chakula cha mafuta. Yanapanda hadi begani. Hayaachii kwa saa nzima au zaidi. Kutapika. Jioni nikafanya mazoezi ya kugumia mbele ya kioo. Felistus, mke wangu, alicheka hadi akashika mlango.

Ijumaa, 5 Agosti
Daktari wa Tororo hana huruma! Aliponibonyeza mbavu za kulia nikasahau kupiga kelele. Nikapiga alipogusa kushoto. Akasema kushiba upesi, kujaa na kubeua kila siku si mawe, ni tumbo lisilosaga vizuri. Nile kidogo kidogo, nipunguze malwa. Aibu gani hii!

Jumapili, 7 Agosti
Felistus kala mbuzi wa ubatizo, kisha akashika mbavu za kulia. Mara bega. Mara akatapika. Dalili zangu zote! Nikamwambia aache kunidhihaki mbele ya wageni. Akajikunja mkekani. Nikampa maji ya magadi.

Jumanne, 9 Agosti
Macho yake yamekuwa ya njano. Hilo halifanyiwi mazoezi. Othieno alikuja mbio na gari la shemeji yake, tukampeleka hospitali. Dalili nilizijua kwa moyo, na mke wangu sikumwamini. Ee Mungu, niachie Felistus. Kiti abaki nacho Othieno.

Jumamosi, 20 Agosti
Kapasuliwa, yuko salama, asante Mungu! Mawe manne! Othieno ana moja tu. Felistus alipolala wodini nikaichukua chupa ya mawe yake, moja kwa moja hadi kwa mama Aboth. Wazee wakanipisha kiti cha mbele. Mmoja akataka kuona kovu. Nikamwambia daktari wangu hushonea kwa ndani. Othieno akaniuliza polepole nani amempelekea Felistus uji jioni hii.
Jamani, watu wana wivu!