Hotuba ya Kufungua Jumba la Fimbo za Heri

Mheshimiwa Bi. Evdokia Karaslavova, Mkuu wa Idara ya Malezi, Majengo na Masuala Mengineyo katika Ofisi ya Mkoa, uliyeacha meza yako ya Mwaka Mpya ingali inafuka mvuke ukaja kugandishwa miguu pamoja nasi. Mpendwa wetu Padri Naum, ambaye ibada yake ya Mtakatifu Basili leo ilikuwa fupi kwa ombi langu mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa baraza la kijiji, nyote wawili. Mwalimu Rumyana wa shule ya awali. Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Nyuki, aliyetuma udhuru. Mabibi, mababu, wazazi, walezi, wadau wote wa sufu, uzi na bisi. Na ninyi watoto wadogo mliopangwa hapa nyuma yangu kama mapambo, kila mmoja na fimbo yake ya heri mkononi: amani ya Mungu iwe nanyi, na mwaka huu uwe wa neema! (Makofi ya glovu. Hayasikiki.)

Mimi, Gencho Bakardzhiev, Meya wa Gorna Drenitsa kwa muhula wa tatu mfululizo, nasimama mbele yenu nikiwa nimeshika mlango huu kwa mkono wangu wa kulia, kama ishara ya uongozi usioachia. (Mzee Zhelyazko, kutoka nyuma: "Hebu achia tuone!" Vicheko.) Mzee Zhelyazko, na wewe heri ya mwaka mpya, nitakufikia kwenye shukrani.

Ndugu zangu, niwaambie jambo kama mtu anavyomwambia jirani yake juu ya ua. Nyuma ya mlango huu, na nyuma ya kitambaa hiki kikubwa chenye picha ya jumba, kitambaa ambacho tumekitundika makusudi ili kulikinga jumba lenyewe dhidi ya theluji na macho ya watu, lipo Jumba la Kisasa la Ufundi wa Watoto wa Majira ya Baridi, lenye madirisha kumi na mawili, sakafu yenye joto, na meza fupi zinazozingatia urefu wa walengwa. (Mbwa anatokea chini ya kitambaa, anajikung'uta theluji, anaondoka.) Naam, hata wanyama wameanza kunufaika.

Wazo hili, Mheshimiwa Evdokia, sikulipata barabarani. Nililipata ofisini kwangu, ambako jiko la kuni huwaka tangu Septemba hadi Mei bila kuzimwa, kwa sababu fikra za maendeleo hazikai kwenye baridi. (Bibi Tsonka: "Fikra au paka? Kila nikipita dirishani namwona paka tu kwenye kiti chako!") Bibi Tsonka, yule paka ni mtumishi wa kijiji, anadhibiti panya wa nyaraka.

Na kwa kuwa nimemtaja Bibi Tsonka, ukweli lazima usemwe. Hadi wiki hii, shughuli zote za ufundi wa watoto zilikuwa zikiendeshwa jikoni kwake, katika mazingira yasiyo rasmi, bila mpango mkakati, bila kamati ndogo, huku watoto wakikaa juu ya magunia ya viazi na kupewa maandazi katikati ya mchakato, jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. (Bibi Tsonka: "Mazingira yasiyo rasmi ndiyo yaliyokufuta kamasi wewe, Gencho! Haya, nisikilize. Jumatatu naenda mjini kupasuliwa nyonga. Jikoni kwangu panafungwa mpaka theluji iyeyuke. Watoto wangu watakaa wapi?" Mwalimu Rumyana: "Darasani haiwezekani, Mheshimiwa, bomba la moshi limeanguka. Gundi inaganda kwenye kopo." Minong'ono.)

Watakaa humu! (Anaupigapiga mlango. Mlango unayumba. Anaukumbatia.) Humu humu, Bibi Tsonka, na wewe nenda ukapasuliwe kwa amani, nitakuwashia mshumaa kanisani, tena ule mrefu.

Sasa nije kwenye takwimu. Katika msimu huu peke yake, uzalishaji wa fimbo za heri umepanda kwa asilimia mia moja na nne, na hizo nne sijui zilitoka wapi ila nazishukuru. Kila fimbo hupitia hatua zilizoratibiwa kitaalamu: kwanza hukatwa tawi la dryan, mti ule mgumu unaochanua kabla theluji haijatuaga, kisha vijitawi vya pembeni hukunjwa viwili viwili na kufungwa hadi viwe duara, kisha huzungushiwa sufu nyekundu, kisha huja sekta ya bisi, zinazotungwa kwenye uzi kwa sindano isiyo na ncha, na hapa tathmini yetu inaonesha kwamba karibu nusu ya bisi zote huliwa kabla ya kufika kwenye uzi. (Mtoto: "Mi sikula! Ni Asparuh!" Asparuh: "Ulikula na plamu!") Na plamu kavu, na matufaa, na pilipili nyekundu, ambazo hakuna aliyezila mara mbili. (Kicheko kikubwa. Mheshimiwa Evdokia anacheka pia, kisha anakumbuka cheo.)

Baada ya fimbo, mpango wetu jumuishi wa majira ya baridi unaingia awamu ya pili: theluji za karatasi zitakazokatwa kwa mkasi na kubandikwa madirishani, kana kwamba hii nyingine haitoshi, kondoo wa pamba na vijiti, na hatimaye kusokota nyuzi nyekundu na nyeupe za kufungana mikononi Machi mosi kwa kutakiana afya. Bila chumba chenye joto, ndugu zangu, hayo yote hayapo. Vidole vya mtoto wa miaka mitano vikishaganda, haviwezi kufunga fundo. Nilisema hivyo kwenye ripoti, nikalia kidogo nilipokuwa naiandika. (Padri Naum anajifanyia ishara ya msalaba.)

Mtaniuliza, kwa nini ufunguzi ufanyike leo, siku ya Mtakatifu Basili, watu wakiwa na vichwa vizito? Nimeichagua tarehe hii mimi mwenyewe, kwa maono, ili tendo la kiserikali likutane na urithi wa mababu, kwa kuwa leo ndiyo siku ambayo kila mtoto wa nchi hii ana haki ya kumchapa mtu mzima mgongoni kwa fimbo yake na kumtakia afya, na mtu mzima haruhusiwi kukimb... (Pigo la kwanza mgongoni. Bisi zinaruka.) Aah. Asante, mwanangu. Subirini kidogo, tuna ratiba. (Mapigo manne.) Mwalimu Rumyana, kuna ratiba! (Mwalimu Rumyana: "Wamesubiri sana, Mheshimiwa. Na wamezoeshwa kuanza na mwenye mgongo mpana." Watoto wote kwa pamoja: "Afya! Afya! Uwe mzima kama dryan, mwaka huu na mwakani!" Mapigo mengi. Umati unashangilia.)

Amina, amina! Baraka nimeipokea, hata ile ya figo. Na kwa kuwa anayebarikiwa hana budi kutoa, chukueni kokwa za walnati, ziko mfuko wangu wa kushoto, jihudumieni, maana mkono wa kulia una majukumu. (Msichana mdogo, Milka, mjukuu wa Bibi Tsonka: "Walnati tunazo." Mheshimiwa Evdokia: "Basi unataka nini, mama?" Milka: "Tunataka pale anapokaa paka.")

Pale anapokaa... Mtoto huyu ni mchangamfu. Milka, mwanangu, pale ni ofisi ya serikali. (Bibi Tsonka: "Gencho! Mtoto amekuchapa, amekuombea, ameomba. Siku ya Mtakatifu Basili!" Mzee Zhelyazko: "Ukimnyima, mwaka wako umekwisha leo hii!" Padri Naum: "Hilo vitabuni halimo, mwanangu, lakini mimi nisingejaribu kumnyima.")

Ndugu zangu. Mimi ni mtu wa ibada, mnanijua. Nimefunga mfungo wote wa Noeli, isipokuwa ile soseji ya kwa mkwe wangu. Mtoto akishakutakia heri kwa mkono wake mwenyewe, kwa fimbo aliyoitengeneza mwenyewe, humkatalii ukarudi nyumbani ukalala. Kwa mamlaka niliyonayo, naamuru kwamba kuanzia Jumatatu, kwa muda, yaani mpaka majira ya kuchipua, na kila majira ya baridi yajayo, shughuli zote za ufundi wa watoto zitahamia ofisini kwangu, kando ya jiko la kuni, na Meya atafanya kazi kwenye gunia la viazi. (Shangwe. Kofia zinarushwa. Bibi Tsonka anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa: "Na kuni uwe unapasua wewe!") Nitapasua, Bibi.

Fimbo za heri? (Umati: "Juu!") Sufu na bisi? ("Juu!") Meya wenu? (Sauti moja, ya mkewe: "Basi, juu!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyezuia upepo hadi dakika hii. Namshukuru mpwa wangu wa mjini, aliyechora jumba hili zuri na kulichapa kwenye kitambaa, tena akaniongezea madirisha mawili. Nakushukuru wewe, Mheshimiwa Evdokia, kwa kutokuja nyuma ya kitambaa, ambako, kama ulivyokwisha kuambiwa na yule mbwa, pana theluji safi ya kutosha na si kingine. Na namshukuru sana Mzee Zhelyazko, aliyetuazima mlango wa zizi lake la mbuzi. Mzee wangu, naomba uje uushike mwenyewe sasa hivi, kwa sababu nikiuachia utamwangukia Padri, na ufunguo wa ofisi uko kwenye mfuko wangu wa kulia, na Milka huyu ameshanyoosha mkono.