Dume Lenye Maziwa

Ijumaa asubuhi, kati ya tangazo la kifo na tangazo la mbuzi aliyepotea, redio ilisema hivi: basketi, yaani raba, za Honorable mmoja, mbunge, nyeupe, aina ya Vantoro, orijinali, zimeibiwa juu ya ukuta wa nyumba yake, zilikowekwa zikauke. Yeyote atakayeonekana hapa Bunia na Vantoro orijinali, mguuni au mkononi, atajieleza mbele ya polisi.

Mama Kahindo, mwenye kibanda cha kahawa pale Nyakasanza tunapokaa kila asubuhi, akapunguza sauti ya redio, akishangaa viatu vya mkubwa kufuliwa.

"Kumbe Honorable naye anafulaka bilatu?"

"Si yeye, Mama. Ni batu yake ya kazi," akajibu Étienne. Huyu tunamwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu alisoma sheria mwaka mmoja, akaiacha, lakini sheria haikumwacha. "Na ile tangazo haina nguvu. Orijinali, orijinali! Nani hapa Bunia anajua orijinali? Utafunga batu juu ya kitu haujui?"

"Miye najua," akasema Muzee Karati.

Muzee Karati, jina lake la ubatizo Alphonse, alinunua dhahabu kule Bambu miaka ishirini. Dhahabu ilimwishia, ujuzi ukabaki. Sasa anapima chochote kinachopita mbele yake. Harusi iliyopita alimtazama bibi harusi, akafumba jicho moja, akasema kwa sauti: "Dix-huit." Karati kumi na nane tu. Tulitolewa nje wote.

"Kiatu na dhahabu ni ndugu," akaendelea. "Yote inadanganyaka na rangi. Mupumbavu anaangalia, muzee anauma."

Tulikuwa bado tunacheka wakati Fabrice alipoegesha pikipiki yake. Ni motard, mbeba abiria, tunamwita Vitesse kwa mwendo wake wa kasi. Nyuma yake alishuka Roger Vitrine, yaani dirisha la duka, muuza viatu asiye na duka: duka lake ni mabega yake, viatu vimening'inia mbele na nyuma kama shanga za mganga.

"Bazee, munisaidie," akasema Fabrice. "Dimanche kiisha misa ninaenda Saio, kwa baba ya Bibiane, ule nataka kuoa. Kujionyesha. Ule baba, bananiambia, anaangaliaka mutu kuanzia chini. Akifika ku magoti, amekwisha kukata kesi. Ule kijana wa mbele yangu alirudishwa sababu ya sapatu yake, zile ndala."

"Sapatu ya namna gani?" akauliza Mama Kahindo.

"Moja nyekundu, moja ya bleu."

"Hapo hata miye ningemurudisha."

Roger akafungua mfuko wa karatasi polepole, kama padri anayefungua tabernakulo. Ndani yake mlikuwa na basketi nyeupe, na ubavuni pameandikwa kwa dhahabu: VANTORO.

"Orijinali," akasema. "Zimetoka Dubai, zikapita Kampala. Hazijagusa udongo."

Tukatazamana. Ilikuwa wazi hakusikia redio. Hakuna aliyemwambia. Huo ndio ubaya wa kijiwe chetu: tunapenda kwanza mchezo uchezwe.

"Leta hapa," Muzee Karati akanyoosha mkono. "Sanduku yake iko wapi? Namba ya ku sanduku inapaswa kuwa sawa na ile iko ndani, ku ulimi wa kiatu."

"Sanduku ilibakia Kampala, Muzee. Ilikuwa nzuri kupita kiatu, balikataa kuiachilia."

Muzee akaingiza pua ndani ya kiatu na kukaa humo muda mrefu. "Ya uongo inanukaka gundi. Hii inanuka..." akatoa kichwa, akatafuta neno, "...mutu." Akahesabu mishono kwa ukucha: moja kwa moja, hakuna uliopinda. Akapima kiatu cha kulia mkono wa kulia, cha kushoto mkono wa kushoto, akabadilisha, akabadilisha tena. Akauma kisigino. Kisha, kabla Mama Kahindo hajapiga kelele, akakizamisha chote kwenye beseni la kuoshea vikombe.

"Muzee! Batu watakunywa mu hivyo vikombe!"

"Nyamaza, Mama. Maji haidanganyake." Akakitoa, kinachuruzika, akakitikisa karibu na sikio. "Orijinali. Vingt-deux karati, ishirini na mbili nzima."

Roger akaruka. "Nilisema! Musikie muzee! Orijinali ya kweli!"

"Vizuri," akasema Avoka, na akasimama ili aseme sheria yake vizuri. "Sasa uko na haki ya kunyamaza." Akamwambia habari ya redio, neno kwa neno, hata na mbuzi akamtia.

Roger alibadilika rangi, na rangi yake ilikuwa nyeusi vya kutosha.

"Hizi?" akasema. "Orijinali? Hizi ni pirati! Ni ya uongo, bandugu yangu! Nakuapia mbele ya mama yangu, ni uongo mutupu!"

"Umesema zimetoka Dubai."

"Dubai gani! Nilinunua leo asubuhi ku soko, ku mutu sijui, mu mufuko ya sukari! Orijinali inalalaka mu mufuko ya sukari?"

Hapo Muzee Karati akakasirika. "Kijana, unasema miye sijui kupima? Niliuma dhahabu ya batu kumi na tano ndani ya siku moja, na meno yangu haikukosea!"

"Muzee, nakuheshimu sana, lakini kiatu yangu ni ya uongo!"

"Ni ya kweli!"

"Ni ya uongo! Angalia, ya kushoto ni nzito kupita ya kulia!"

"Ni maji ya Mama Kahindo iko ndani!"

Nimekaa Bunia tangu nizaliwe. Sikuwahi kuona muuzaji anaitukana mali yake hivi na mnunuzi hajafungua mdomo. Fabrice alibaki katikati, ananyoosha shingo huku na huku.

"Miye munieleze tu," akasema. "Kama ni ya uongo, ashushe bei. Kama ni ya kweli, siitaki, miye niko na pikipiki ya kulinda, polisi isiikamate."

Roger hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti vumbini, anageuza kiatu huku na huku kama mtu aliyepoteza sindano. Ghafla akapaza sauti: "Bazee! Muone ng'ombe!"

Vantoro, mnaojua mnajua, alama yake ni dume la ng'ombe linalorusha pembe. Lilikuwepo kweli, dogo, limeshonwa kisiginoni. Tukainama wote, vichwa vikagongana. Pembe zipo. Mkia upo. Na chini ya tumbo, kimeshonwa kwa uzi wa pinki, kwa uangalifu mkubwa, kiwele na chuchu zake zote.

"Dume gani iko na maziwa?" Roger akauliza, karibu alie kwa furaha. "Muhesabu! Moja, mbili, tatu, ine!"

Mama Kahindo, ambaye baba yake alifuga, akasogea na kuvaa sura ya mganga wa mifugo. "Hii imezaa mara mbili," akasema.

"Kesi imekwisha," akatangaza Avoka. "Mushitakiwa ni muongo, kwa hiyo si mwizi."

Muzee Karati peke yake hakukubali. "Kuna madume ya namna ile," akanung'unika. "Miye niliona moja, kule Djugu."

Ndipo alipoingia Davy, mlinzi wa Honorable, miwani myeusi, jasho shingoni. Tangu alfajiri alikuwa akipita kibanda kwa kibanda akitafuta. Kabla hajauliza lolote, Roger alimkimbilia na kiatu mkononi.

"Chef, mukubwa! Usipoteze wakati, hii si orijinali! Angalia, dume iko na maziwa!"

Davy akavua miwani. "Ngapi?"

"Ine, Chef."

Davy akakaa kwenye benchi kama gunia lililoachiliwa. "Uzi ya pinki?"

"Ya pinki."

"Basi ndiyo zenyewe."

Kahawa ilichemka ikamwagika motoni na hakuna aliyeigusa.

"Honorable hajui," Davy akasema kwa sauti ndogo. "Kila mukutano anainuaka muguu, anasema: wapenzi wananchi, muone kitu ya kweli. Miye ndiye nazifulaka. Niko na hii siri mwaka muzima. Usiku naota ile maziwa."

Roger alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Davy akamshika shati. "Weye unakuja ku polisi."

"Pole pole, Chef," akasema Avoka, na nilimwona anafurahi kuliko siku aliyooa. "Ukimupeleka ku polisi, bataandika. Bakiandika, itaenda ku tribunal, ku mahakama. Ku tribunal, kiatu kitawekwa juu ya meza, mbele ya batu yote. Na juji ni mutu, atahesabu."

Davy akalifikiria lile. Akaachia shati.

"Hazikuibiwa," akasema hatimaye. "Upepo ulizishusha. Nilizikuta mu majani. Lakini Honorable ataniuliza kama ni zake kweli, hazikubadilishwa. Napaswa kuwa na karatasi."

Wote tukamgeukia Muzee Karati. Akaomba daftari, akaomba kalamu ya bic, akaandika polepole kwa herufi za kuinama: kwamba yeye, mpimaji wa miaka ishirini, amezinusa, ameziuma, amezitia maji, na ni orijinali. Akatia sahihi na tarehe. Kati yetu sote siku ile, yeye peke yake hakusema uongo.

Davy akaondoka na viatu, Roger akaondoka bila hizo Vantoro na bila kuuliza pesa yake. Fabrice akabaki na Jumapili yake, bila kiatu.

Jumatatu alirudi. Tulimwachia nafasi katikati ya benchi.

"Nilivaa bilatu nyeusi nilikopa ku katekista," akasimulia. "Nilizipiga kiwi saa mbili. Nafika Saio, mama ya Bibiane anasema: muache bilatu inje, tumetandika tapi mupya, zulia safi."

"Yesu!" akasema Mama Kahindo.

"Naivua. Kumbe soksi iko na tundu, kidole kikubwa chote inje. Baba anaangalia chini. Anaangalia sana. Anainama. Anauliza: kijana, hii kidole ni ya weye mwenyewe? Ninajibu: ndiyo, Papa. Anasema: haukukopa? Ninasema: hapana, Papa. Anasema: ikala chini, tuzungumuze."

Tulipiga makofi hadi wapita njia wakasimama. Muzee Karati hakupiga. Alitafuta miwani yake mfukoni, akaivaa, akagonga benchi kwa kidole.

"Vua kiatu," akamwambia Fabrice. "Hata kidole, tusikubali ovyo."