Goti la Kasereka

Leo aibu imenila. Mzima mzima, na kitenge changu kipya. Ninawaandikia, rafiki zangu, nikiwa nimejifungia chumbani, na Baba Kasereka namsikia sebuleni anacheka peke yake.

Mnajua timu yetu ya basketi hapa Himbi inavyotutesa. Msimu mzima ni kupigwa tu! Na kila mtu ana maelezo yake. Wengine wanasema wachezaji wenyewe ni wabovu. Wengine wanasema ni majeruhi, kila wiki kuna anayechechemea. Mimi msimamo wangu unajulikana mpaka sokoni ninakouza samaki wa chumvi: ni kocha. Kocha, kocha, kocha! Ana Kasereka wangu, kijana anayecheza kuliko wote (mimi ni mama yake, siwezi kudanganya), halafu anamweka benchi mechi baada ya mechi.

Na wasiwasi ulikuwa unaniua. Kesho ni mechi ya mwisho. Kuna wageni wanatoka Bukavu kuchagua kijana mmoja, wamchukue kwenye timu yao na kumlipia masomo ya chuo. Sasa nani atamchagua mtu aliyekaa benchi? Wiki nzima sijalala. Nikigeukia ukutani naona benchi, nikigeukia mlangoni naona benchi.

Basi leo mchana kocha akaita wapenzi wa timu uwanjani, atueleze kwa nini tunapigwa. Nikiwa najiandaa, Kasereka akaja.

"Mama, leo usiende."

"Juu ya nini?"

"Jua iko mingi sana."

Nikafurahi! Mtoto anayemwonea mama yake huruma hivyo! Nikachukua mwavuli, nikaenda.

Kocha ni mtu mpole, filimbi shingoni. Akasimama mbele yetu.

"Ba papa na ba mama, batoto banajua kucheza. Shida yetu ni kuumia. Bengi bako bablese. Muangalie Kasereka, goti yake inamusumbua tangu mwanzo wa musimu."

Goti? Nikasimama. (Nani aliniita? Hakuna.)

"Kochi, goti ya nani?"

"Ya Kasereka, mama."

"Kasereka wangu? Leo asubuhi amebeba gunia ya viazi ya Kibumba toka barabarani mpaka jikoni! Kwa bega! Na alikuwa anakimbia!"

Watu wakacheka. Nikadhani wako upande wangu, nikaongeza moto. Nikawaeleza jinsi anavyoruka ukuta wa nyumba akichelewa kurudi. (Siri ya familia, nikaimwaga yote.) Nikawaonyesha anavyoruka. Ndiyo, mimi, na umri huu, niliruka! Kitenge kikaniachia, jirani akakidaka.

"Munaona? Haiko goti! Iko roho mubaya ya kochi!"

Kocha hakukasirika. Akamgeukia Kasereka, aliyekaa na wenzake akiwa amefunga bandeji kubwa gotini. (Bandeji! Nyumbani sijawahi kuiona, na kwenye benchi huwa amevaa suruali ndefu.)

"Kasereka, mama anasema kweli?"

Kasereka akainamisha kichwa. Ndipo nikaelewa. Kumbe kocha mwenyewe alikuwa amedanganywa! Nilikuja kumshtaki kocha, nimemshtaki mwanangu. Na huyu kocha kwa uongo hana mchezo, anaweza kumfukuza mtu palepale. Nikaona chuo cha mwanangu kinaondoka, na ni mimi nimekifungulia mlango. Nikajaribu kuokoa.

"Kochi... ile gunia haikujaa sana. Viazi vilikuwa vidogo vidogo."

Hakuna aliyenisikiliza. Kasereka akasimama, akaifungua bandeji polepole.

"Goti iko muzima, Kochi. Nilidanganya. Unisamehe."

"Juu ya nini?"

Akaniangalia. Mwanangu mwenyewe, jamani.

"Nikiingia kucheza, mama anapiga kelele. Weye unasema kushoto, yeye anasema kuume. Unasema ningoje, yeye anasema tupa! Mupira unaniponyoka. Lakini nikiwa kwa benchi, analalamikia weye. Mie napumua kidogo."

Laiti ardhi ingepasuka! Uwanja mzima ulinigeukia. Baba mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti:

"Tumetafuta shida kwa kochi, tumeitafuta kwa bachezaji, tumeitafuta mpaka kwa magoti. Kumbe shida iko hapa, chini ya mwavuli!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi iliniuma. Nilidhani sauti yangu inamsukuma mtoto, kumbe ilikuwa inamkaba koo. Nikaufunga mwavuli. Sikujua hata niuweke wapi.

Kocha akasubiri kicheko kiishe.

"Kasereka, kudanganya nimekusamehe mara moja, hakuna ya pili. Kesho unaanza."

Nikapiga vigelegele! (Sikuweza kujizuia. Mnanijua.) Kasereka akafumba macho.

"Ila, mama," kocha akasema, "weye utabakia nyumbani."

"Nimesikia, Kochi."

Nilisema kwa sauti ndogo sana, jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Kurudi, Kasereka alinishika mkono njia nzima. "Mama, umekasirika?" Nikamwambia hapana. (Nimekasirika. Nina aibu. Nina furaha. Vyote pamoja.)

Basi tafadhali, msinicheke sana. Ninaomba mmoja wenu aende kesho uwanjani, anipigie simu, aiache wazi nisikilize mechi ya mwanangu. Lakini asiweke sauti ya juu, najijua: nitasikika mpaka kwa wageni wa Bukavu.