Blanketi Arobaini, Wafadhili Kumi na Mmoja

Usijitie hukuona. Uliona. Kimbunga kilipita Jumanne, na Jumatano asubuhi bahari ilikuwa imejikaribisha sebuleni kwa watu wa mtaa wa chini. Uliitazama ile picha ya bibi aliyekaa juu ya kabati, ukatikisa kichwa, ukatuma vikatuni vya mikono inayoomba, kisha ukaenda kuangalia matokeo ya mpira. Wenzako walikuwa hodari zaidi. Mmoja alisema redioni kwamba ni adhabu ya mavazi mafupi. Mkuu wa mipango miji alisema wakazi wa bondeni wana tabia ya kulowa. Katika jiji zima ni mtu mmoja tu aliyeikodolea macho picha ile bila kupepesa, na mtu huyo alikuwa tapeli.

Walimwita Mshenga. Hakuwahi kuozesha binti wa mtu. Alichoozesha ni kiwanja kimoja kwa wanunuzi watatu, wote kwa furaha, mpaka walipokutana. "Mshenga halali na bibi harusi," alipenda kusema, "lakini karamu haimpiti."

Chini ya picha alisoma maneno ya watu mia tatu wa mlimani, wote wakiuliza, "Tusaidieje jamani?" Wala hapakuwa na hata mmoja aliyeshuka. Mshenga akaelewa palepale. Huruma walikuwa nayo tele, ila huko chini kuna tope, na tope halijui kiatu cha bei.

Basi akawasogezea maafa. Pale lami inapoishia, kwenye jumba lililokwama bila paa, alifungulia bomba la maji akatengeneza tope la kistaarabu, lisilonuka wala kupita soli. Akaazima blanketi arobaini kwa mwenye duka mmoja mgeni mjini, aliyekuwa bado anamwamini. Kisha akatelemka mpaka ukingo wa maji na kuita watu wa kazi.

Aliyemjibu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miraba minne, gauni amelifunga kiunoni, cherehani yake imezama mpaka kwenye sindano.

"Kazi gani hiyo, kaka?"

"Kupokea."

"Kupokea nini?"

"Blanketi. Mfadhili anakupa, unalia kidogo, unapigwa picha, unatokea mlango wa nyuma, unairudisha, unazunguka, unapanga foleni upya. Mchana kuna chai na mkate."

"Na hicho kilio kimo kwenye mkate huohuo, au kina nyongeza?"

"Dada, wewe una kichwa cha biashara. Lakini kwa nini hamwendi kambini, kule shuleni?"

Fundi akaacha utani. "Mafuriko yaliyopita tulikwenda. Siku tisa tu. Tuliporudi, majirani zetu wa upande wa mfereji walikuta ukuta. Mkandarasi kaweka ghala lake la saruji juu ya viwanja vyao na juu ya mfereji wenyewe. Tumeandika barua mpaka kalamu zimechoka. Sasa maji hayana pa kutokea, na anayehama kiwanja chake kinaliwa. Yule bibi wa kwenye kabati ni mama mkwe wangu. Ameapa hashuki mpaka maji yashuke kwanza."

Mshenga alisikitika kwa muda wa kutosha, yaani mpaka mwisho wa sentensi.

Biashara ikanoga. Kwa siku tatu blanketi zilezile arobaini zilitolewa na wafadhili kumi, kila mmoja akilipia zake mwenyewe. Mke wa meneja wa benki alilia machozi ya kweli, kisha akaomba arudie kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya. Na kwa kuwa wafadhili hupenda karatasi kuliko watu, Mshenga alibuni Hati ya Makabidhiano, akaigonga muhuri aliouchonga kwenye kandambili. Iliandikwa: *Mali hii ni ya wananchi wa mtaa wa chini, milele, bila masharti.* Neno "milele" aliliweka kwa ajili ya urembo tu. Fundi akawa mwenyekiti wa kamati, akatia saini mara kumi, na nakala yake akaitia kifuani kila mara.

Wa kumi na moja alikuwa mkandarasi mwenyewe. Alikuja na mashine mpya ya kuvuta maji, yenye magurudumu, na mpira mrefu kama hotuba yake.

"Mtandaoni wananichafua," alimnong'oneza Mshenga. "Nataka picha kubwa na redio moja kwa moja. Ila mashine inarudi kwangu jioni. Tunaelewana?"

"Mzee, mimi na wewe ni ulimi na mate," Mshenga akasema. Tayari alikuwa ameitafutia mashine mnunuzi wa kuichukua saa tisa.

Saa nane kamera zikapangwa. Mkandarasi akahutubia. Fundi akatia saini, kisha, jambo ambalo halikuwamo kwenye mazoezi, akashika kipaza sauti na kuisoma hati yote. Alipofika kwenye "milele, bila masharti" akaisoma mara mbili. Mkandarasi akapiga makofi, maana kila mtu alikuwa anapiga.

"Asante, baba," fundi akamwambia. "Haya jamani, twendeni nyumbani."

Foleni nzima ikageuka. Badala ya mlango wa nyuma wakatoka mbele, katikati ya kamera, blanketi kichwani, wanawake sita wakisukuma mashine, vigelegele juu.

"Dada!" Mshenga akakimbia nyuma yao. "Dada yangu, mlango wa nyuma!"

"Wa nyuma wa nini, kaka? Si umesema ni yetu milele?"

Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti. Mshenga akatabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe. Alisema nini? Alisema ni siku ya furaha. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mkandarasi akamfinya mbavu. "Mashine yangu, kabla jua halijazama. La sivyo mji huu utakuwa mdogo kwako."

Hivyo Mshenga akashuka, kwa mara ya kwanza, kwenye tope lenyewe. Lilimpokea mpaka gotini, likabaki na kiatu cha kushoto. Alipofika ukutani, mashine ilikuwa inanguruma na mpira umerushwa juu ya ukuta.

"Mnamwaga wapi?"

"Kwa mwenye mashine," akajibu fundi. "Katupa msaada, nasi tunampelekea shukrani."

Upande wa pili watu walianza kupiga mayowe. "Saruji! Saruji!" Mshenga aliijua saruji. Ikishakunywa maji haitapiki. Akatazama mlima, akaona hana pa kurudi: juu kuna mkandarasi, mnunuzi, na mwenye duka la blanketi.

"Usisimame kama mlingoti, shemeji. Shika mpira, unateleza."

"Nami nitapata nini?"

"Utapigwa picha."

Akashika. Na nasema kweli, kabla ya saa kumi na moja vibarua wa mkandarasi, kwa amri yake mwenyewe na nyundo zake mwenyewe, walitoboa ukuta pale penye mfereji ili maji yapate pa kutokea na mifuko iliyobaki iokoke. Barua za miaka zilishindwa. Mifuko ya saruji iliweza kwa saa mbili. Maji yakatoka kama watu wanavyotoka kwenye mkutano mrefu.

Bibi akashusha mguu mmoja kutoka kabatini, akaupandisha tena. "Bado. Yamefika magotini. Mimi nilisema yashuke, sikusema yapunguze."

Bibi hakosei. Tundu lile ni pana kama mlango tu, na mkandarasi ameshaagiza waashi na matofali waje kuliziba alfajiri. Likizibwa, yatarudi yote, watu watahama, na viwanja vitaliwa kama vile vya kwanza. Mafuta ya mashine yamebaki galoni moja. Mpira ameushika tapeli, na mikono yake imeshaanza kufa ganzi.

Sasa wewe, uliyesoma mpaka hapa ukiwa umekaa pakavu. Sururu unayo, kama huna, jirani yako anayo. Ichukue ushuke tuubomoe ukuta uliobaki. Usiniambie kesho. Inuka sasa hivi, matofali yake bado yamelowa, ni laini.