Skii Pana na Kikosi cha Uokoaji

Jumatatu, 9 Februari
Nimepata skii pana, mbao za kutelezea kwenye theluji. Si zangu. Mgeni wa Kipoland aliyeumia goti ameniachia mpaka atakaporudi, akasema nizitumie bila kuzionea huruma. Sitazionea. Pale buti linapokaa ni pana kuliko kiganja changu na vidole nimevitanua. Ncha za mbele zimejikunja juu, na nyuma nako zimeinuka kidogo. Nimeshinda nazitazama pale chini ya lifti inayopandisha wageni mlimani, badala ya kutazama tiketi za watu.

Mpango: Jumamosi Bi Nanuli, mkuu wa mlima wetu, anachagua kiongozi wa kikosi cha uokoaji. Tumebaki wawili, mimi na Amirani, kaka wa mke wangu. Amirani anateleza kama maji kwenye bomba. Mimi nateleza kama kabati linaloshushwa ngazi. Maneno yake hayo, mbele ya watu. Lakini skii zake ni nyembamba, za mashindano ya zamani. Mimi sasa nina hizi.

Amepita jioni, akazigonga kwa fimbo. "Shemeji, hizi ni za kutelezea, au umeng'oa mlango wa banda la ng'ombe?"

Nimemwambia Jumamosi atanyamaza mwenyewe.

Jumanne, 10 Februari
Jaribio la kwanza, kwenye njia iliyoshindiliwa na mashine. Asubuhi ni ngumu kama sakafu. Skii hizi hazina haraka. Unalaza mguu ili ukingo wa chuma ushike, unasubiri, unaendelea kusubiri, ndipo zinakubali kukata kona. Kufikia hapo uzio wa kando umeshakufikia. Penye barafu zilitetemeka mpaka meno yakagongana. Magoti yanauma kwa ndani.

Kwa nini? Wakati wa chakula nimewaza sana. Nimechukua kijiko nikakilaza ubavu, kisha sahani. Lamara, mke wangu, akauliza nafanya nini. Nikamweleza kwamba mguu unakaa katikati na ukingo uko mbali nao, kwa hiyo unalazimika kuinua upana wote kabla skii haijalala ubavu. Kijiko rahisi, sahani kazi. Amesema kazi nyingine ya sahani ni kuoshwa.

Jumatano, 11 Februari
Theluji imeanguka usiku kucha. Inafika mapajani, kavu, nyepesi kama unga uliochekechwa. Nimeomba ruhusa, nikapanda.

Sijui niandikeje. Kwenye theluji kama hii nimezoea kuegemea nyuma ili ncha zisizame, mapaja yanawaka moto, mwisho nazama hivyo hivyo. Leo nilisimama wima, katikati ya skii, ncha zikainuka zenyewe. Hakuna sauti. Kona hazikatwi tena, zinapakwa, kama siagi juu ya mkate wa moto. Nikawa najiuliza kila mara, je, nikienda polepole? Zikazama kidogo. Je, nikiongeza mwendo? Zikapanda juu zaidi. Mwendo ndio unaozibeba! Nimecheka peke yangu mlimani.

Amirani alikuwa kando, amezama mpaka kiunoni, anatafuta skii yake moja. Nimempungia mkono.

Alhamisi, 12 Februari
Nimemwomba Bi Nanuli mtihani wa Jumamosi ufanyike msituni, kwenye theluji ya kina. Amekataa. Amesema wageni wengi huvunjika kwenye njia kuu, na kiongozi lazima aijue njia kuu.

Basi njia kuu iletewe msitu. Nimemwendea Otia, dereva wa mashine ya kushindilia theluji, na chacha, pombe kali ya zabibu ya baba mkwe, pamoja na borano ya Lamara, jibini bado inachemka ndani ya siagi. Nimemsihi asiishindilie njia kuu mpaka Jumamosi. Akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa ajili ya uzuri. Amekula, amekunywa, amekubali.

Jioni wageni walikuwa wameshaivuruga njia yote, mafungu na mashimo kila mahali. Nimejaribu. Skii nyembamba hujikwaa humo. Hizi zinavunja mafungu na kupita. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 13 Februari
Jua kali. Theluji imekuwa nzito, imelowa kama uji. Hata humo skii zimetulia, ingawa zinachosha kugeuza. Otia ameuliza kama bado nataka njia iachwe. Nimemwambia ndiyo, mara mbili.

Jioni mbingu nyeupe, baridi ya kukata masikio. Naenda kulala kwa amani.

Jumamosi, 14 Februari
Uji wa jana umeganda. Mafungu yote yamekuwa mawe. Bi Nanuli ameuliza nani kaiacha njia hivi. Otia amenitazama. Mimi nimeitazama milima ya Khulo.

Amirani ameshuka tak, tak, tak, kingo zinauma barafu kama meno ya mbwa. Mimi sikukata kona hata moja. Nilipigwa huku na huku, nikaangukia mgongo, nikapita mstari wa mwisho nikiwa nimetanguliza miguu, kofia ikanifuata baadaye.

Watu walikuwa bado wanacheka wakati mwanamume mmoja alipokuja mbio kutoka upande wa misonobari. Mkewe alikuwa nyuma yake, sasa haonekani.

Kule jua halifiki. Theluji ilikuwa bado unga, ile ya Jumatano. Amirani aliingia wa kwanza, akazama wa kwanza. Nikampita. Sikuwa nawaza uongozi, nakiri. Niliona skii mbili zimechomoza kwenye shimo chini ya msonobari, na mtu hana sauti. Nilichimba kwa mikono. Glavu moja sijui iko wapi. Nilipofika usoni alikohoa, kisha akaniuliza kama mume wake amekasirika.

Amirani alifika akitambaa. Tukamtoa pamoja. Akanifuta theluji kwenye kola. "Shemeji, mimi nisingemwahi."

Nikamfuta na yeye theluji.

Bi Nanuli ameamua. Kiongozi ni Amirani. Msitu na theluji ya kina ni vyangu. Na nikionekana tena karibu na Otia nimebeba chakula, nitarudi kwenye tiketi maisha yangu yote. Amesema kila skii ina theluji yake, nijifunze hilo.

Jumapili, 15 Februari
Nimetafakari sana maneno ya Bi Nanuli. Hayanihusu.

Watu wa televisheni wamekuja kutoka mjini Batumi kwa habari ya mama yule. Wametaka kunipiga picha nikiteleza. Mpiga picha alipendekeza msituni. Nimemwambia msituni hakuna mwanga, twende njia kuu, kesho asubuhi na mapema, kabla jua halijailegeza. Akauliza kama skii pana hivi hazisumbui kwenye barafu. Nimemweleza kwa upole, kama mtaalamu, kwamba skii hizi hazina tatizo lolote. Jana barafu ndiyo iliyokuwa na tatizo.

Nimemwalika Amirani aje aone.