Meza ya Kunyanyulia Pikipiki

Jumatatu, 14 Julai 2025

Imefika! Meza yangu ya kunyanyulia pikipiki, ya bei nafuu, kwa basi kutoka Mwanza. Unakanyaga pedeli, jeki inasukuma, pikipiki inapanda yenyewe.

Jumamosi asubuhi ndugu zangu wanapanda milamula, miti ya mpaka, kugawana kibanja cha marehemu baba kule Nkwenda, Kyerwa. Nilitoka pale mwaka wa vita, kijana mwenye kitabu kimoja kwapani. Huku Ihanda nimezeeka na bado naitwa mtu wa Kyerwa. Kule Kyerwa naitwa mtu wa Ihanda. Mdogo wangu Mwesigwa amesema kwenye simu kwamba asiyekuwepo kuonyesha sehemu yake kwa kidole, hapati.

Nitakuwepo. Tena kwa pikipiki yangu mwenyewe. Inataka cheni mpya na tairi la nyuma, na magoti yangu siku hizi hukubali kupigwa kanisani tu, kwa kunung'unika. Ndiyo maana ya meza.

Jirani yangu Clavery, dereva wa bodaboda, amechungulia uani akauliza kama zahanati imeniazima kitanda cha kujifungulia. Mpuuzi.

Jumatano, 16 Julai

Meza ni fupi! Pikipiki iliyochorwa kwenye boksi lazima ilikuwa ya mtoto. Nimeirefusha kwa mlango wa stoo. Mke wangu Prudensia akauliza kahawa itafungiwa na nini. Nikamjibu kwamba mambo makubwa huanza kwa usumbufu. Akasema ya kwangu huishia hapohapo.

Mbuzi wameingia stoo. Nimewafukuza bila maoni.

Lakini imepanda! Hadi kifuani! Nimefungua nati nikiwa wima, kama daktari wa upasuaji. Clavery alikuwa amelala mavumbini chini ya pikipiki yake. Nikamwambia marahaba, ingawa hakuwa ameniamkia.

Saa kumi jeki ikaanza kuvuja. Meza ikashuka polepole, mimi nikishuka nayo, spana mkononi. Clavery akauliza kama nimeanza kusali.

Ijumaa, 18 Julai

Mafuta ya jeki hayapatikani hapa. Clavery anayo chupa. Akasema atanipa nikimwomba vizuri. Mimi? Nimwombe?

Nimefikiri. Jeki inataka kitu kinachotiririka, kizito kuliko maji, kisichotia kutu. Na jikoni kuna kibuyu cha samli, ambayo Prudensia aliipata kwa wafugaji ili niwapelekee wazee watakaoshuhudia mpaka. Wazee hawa hawana meno. Watahitaji samli nyingi kiasi gani?

Nimeipasha moto, ikawa kama maji. Nimejaza jeki. Pikipiki imepanda kimya, na jeki haivuji! Cheni tayari. Tairi tayari. Kibuyu nimekirudisha mahali pake, kitupu, kikitazama ukuta.

Nimeiacha juu hadi kesho. Clavery aione ikiwa juu kwanza, ndipo niishushe na kuondoka mbele ya macho yake.

Jumamosi, 19 Julai

Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Nimevaa koti la harusi, nimekanyaga pedeli ya kushushia. Kimya. Nimekanyaga kwa miguu miwili. Kimya!

Samli imeganda ndani ya jeki.

Prudensia akashauri nimwagie maji ya moto. Ushauri mzuri, kwa bahati mbaya: harufu ingepanda naye angejua. Nikamwambia maji ya moto huharibu chuma. Clavery akaja, kwa mara ya kwanza bila kucheka. Akataka aite wenzake wa kijiweni waishushe kwa mikono. Nikakataa, mashine haishushwi kama jeneza. Basi akasema, "Mzee, panda nyuma yangu, tunawahi." Nifike kwenye kibanja cha baba nimepakiwa kama gunia la kahawa? Nikamwambia asante, nasubiri jua.

Mwesigwa akapiga simu. "Kaka, uko wapi? Wazee wamekaa." Nikamwambia niko njiani, waanzie upande wa mtoni. Halafu akauliza mbona anasikia mbuzi wangu.

Jua likatoka saa sita, asubuhi ya milamula imeshapita. Meza ikashuka taratibu, kwa heshima zote. Paka akaja kulamba jeki. Prudensia akamtazama paka, akaingia jikoni. Nikasikia kibuyu kikitikiswa.

Jumatatu, 21 Julai

Mwesigwa amepiga tena. Milamula imepandwa. Mimi wamenikumbuka, amesema: nimepewa mahali pembeni mwa kaburi la baba, pa kulala mtu mmoja. Akasema wameona nisihangaike kuja kabla ya hapo.

Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Prudensia amepika ndizi kavu, bila samli.

Nimetafakari kwa haki. Kosa si langu wala si la meza. Kosa ni la ng'ombe: maziwa yao hayavumilii kipupwe. Mafuta ya mimea ni jambo jingine kabisa. Clavery amenipa chupa yake bila kuombwa, nimeirudisha. Sokoni nimepata mawese mazuri ya Kigoma, mekundu, yameganda kidogo tu. Nayapasha sasa hivi.

Tena ile sehemu niliyopewa nimeipima kichwani. Meza inaenea. Tatizo ni mlango wa stoo, utavuka mpaka. Mwesigwa itabidi asogeze milamula.